Aliyeitikia Kabla ya Hodi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi aliyetutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka hamsini na mbili. Moyo wake ulisimama mchana, akiwa kazini, bisibisi mkononi. Wengi walimjua kwa jina moja tu: Bi Ngoja.

Jina hilo alibandikwa na mumewe, ambaye ni seremala. "Siku ya ndoa aliulizwa kama ananikubali," anasimulia. "Akasema, 'Ngoja.' Mimi jasho linanitoka. Kumbe kiatu kimefunguka kamba, anaifunga!"

Bi Ngoja alifanya kazi chini kabisa ya hospitali, katika karakana isiyo na dirisha. Alikuwa fundi wa mashine za kuwatunzia watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao kutimia. Mashine zilikuwa nane. Saba wodini, na ya nane karakanani kwa majaribio. Shikeni hesabu hiyo: saba juu, moja chini.

Ndani ya kila mashine mna kompyuta isiyozidi kiberiti. Ikipata umeme, kwanza huamka programu fupi sana. Mafundi huiita butiloda. Yeye aliiita mwamshaji. Kazi ya mwamshaji ni kukitoa kiini cha mfumo hifadhini, kukikagua, kukipakia kwenye kumbukumbu, kisha kukiachia nyumba. Kiini ndicho kinachogawa zamu, bila kuchelewa hata kidogo: zamu ya kupima joto la mtoto, zamu ya kupasha, zamu ya kuandika namba kwenye kioo.

Bi Ngoja aliwafundisha wawili hao kusalimiana. Mwamshaji akiwa tayari, aliandika "Hodi" kwenye kompyuta ya karakana. Kiini kikishika kazi, kiliandika "Karibu". Mdogo wake, ambaye ni muuguzi katika wodi hiyo hiyo, alimcheka sana. "Dada, wanao hawasalimii mtu, wewe unaenda kuzifundisha mashine adabu?"

Sasa sikilizeni vizuri. Kiini cha zamani kilikuwa na kasoro. Kikikaa macho siku kumi mfululizo, zamu ya kupima joto ilipotea. Kioo kiliendelea kuonyesha namba ya mwisho, na hita iliendelea kupasha. Bi Ngoja aliigundua kasoro hiyo mapema, akaandika kiini kipya. Siku ya nane tangu mashine ziwashwe, alipanda wodini. Akakiweka kiini kipya katika mashine zote saba. Kila moja aliichomoa umeme, akahesabu hadi thelathini, akaichomeka tena. Akashuka, akafanya vivyo hivyo kwa ile ya nane. Akanawa mikono, kompyuta hakuitazama. Akaamini kiini cha zamani kimekufa.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, simu ya karakana ililia. Ni mdogo wake. Wodi imejaa, watoto wawili wamelazwa katika mashine moja, anaitaka ya nane. Bi Ngoja alikuwa ameichomoa ili aisafishe. Akaichomeka.

Kwenye kompyuta yakatokea maneno mawili. La kwanza: "Karibu". La pili: "Hodi".

Alisoma tena. Karibu. Hodi. Aliyemo ndani ameitikia kabla hajaitwa.

Mdogo wake alikwisha kushuka, yuko mlangoni. "Inawaka?"

"Inawaka."

"Basi nipe."

"Ngoja."

"Dada, usinianze! Nina mtoto wa kilo moja na robo, anapumuliana na mwenzake."

"Mdogo wangu, humu ndani kuna mtu."

"Unazeeka vibaya wewe."

Bi Ngoja aliinama juu ya mashine. Alikishika kipimo cha joto, akakifumbata kiganjani. Kioo kilisema ishirini na nne nukta moja. Wakasubiri. Kiganja cha mtu mzima, chenye damu ya moto, na namba haikutikisika.

Akachomoa waya wa umeme. Kioo kikazimika. Lakini ndani, juu ya bodi, palibaki taa nyekundu, ndogo kama tundu la sindano. Waya wa umeme umo mkononi mwake, na taa inawaka.

Mdogo wake alirudi nyuma hatua moja. "Inakula nini hiyo?"

Bi Ngoja akaugusa waya wa data, ule mwembamba unaoiunganisha mashine na kompyuta. Akauvuta. Taa ikafifia polepole, kama mtu anayesinzia, kisha ikazimika.

Hapo akaelewa. Umeme kidogo ulikuwa ukipenya kwa waya wa data. Kiini cha zamani hakikuwahi kufa. Kilisinzia tu. Umeme ukirudi, kiliamka kabla ya mwamshaji, na mwamshaji akikikuta ndani alikiacha kiendelee.

"Wodini pia kuna waya wa data," alisema. "Zote saba."

Siku hiyo hakuna aliyengoja. Walipanda ngazi mbio.

Wodi ilikuwa tulivu. Utulivu huo, anasema mdogo wake, hajausahau. Vioo saba, namba saba, zote nzuri. Namba ya mtu aliye hai huchezacheza. Hizi zilikuwa zimeganda. Bi Ngoja alichomoa kila waya, wa umeme na wa data, akahesabu, akachomeka. Vioo vikazinduka kimoja kimoja. Kwenye mashine ya wale wawili, thelathini na sita nukta tano ikaruka hadi thelathini na tisa.

Watoto wote wanane walipona. Wote wanane, wasikilizaji.

Lakini ile ruhusa ya mwamshaji kukiacha kiini kiendelee aliiandika Bi Ngoja mwenyewe, ili umeme ukikatika kidogo watoto wasipoe. Hakuna aliyeijua ila yeye. Jioni aliwaita wazazi, akasimama mbele yao, akasema, "Kosa ni langu." Mama mmoja alimuuliza, "Tangu asubuhi nimeikodolea macho ile namba. Nilikuwa natazama nini?"

"Ya jana, mama," alimjibu. "Ulikuwa unatazama ya jana."

Kuanzia siku hiyo, kwa miaka kumi na mmoja, kila mwamshaji aliyemwandika alianza kwa kufuta kumbukumbu yote, mpaka sifuri, ndipo akapiga hodi.

Mdogo wake ametuomba tumpe nafasi ya mwisho. Haya ni maneno yake.

"Saa moja kabla sijashuka karakanani nilimgusa kifuani yule mtoto wa kilo moja na robo. Alikuwa wa moto. Mkono wangu uliniambia. Nikatazama kioo, kikasema yuko sawa. Nikakiamini kioo, nikamfunika. Dada alilisema kosa lake mbele za watu, mimi nikiwa nimesimama pembeni yake. Langu sikulisema. Hata yeye sikumwambia. Leo nalisema, naye hasikii."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mume wake, wanawe, mdogo wake, na mafundi wenzake wa karakana. Mungu awape nguvu. Nawe unayetusikiliza, yupo mtu uliyeambiwa hajambo, ukatosheka. Nenda ukamguse.