Aliyekataa Kulisingizia Joto

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mliotoka ofisini kwake mkapewa viti vya mbele, mimi ni dada yake mkubwa, nimefundisha darasa la tatu kwa zaidi ya miaka thelathini, sauti yangu inafika mpaka turubai la mwisho bila kipaza sauti, na familia imenituma nisome maisha ya mdogo wetu kama yalivyokuwa. Asubuhi hii mtu wa ofisi alinifuata jikoni akaniomba niyafupishe, hasa kuanzia mwaka 2014 kuja huku, akasema leo si siku ya maneno mengi. Nilimsikia, na sitayafupisha.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1969 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa tatu kati ya wanne, baba yetu akiwa fundi wa kutengeneza cherehani na mama yetu mfuaji wa mashuka wa hospitali hiyohiyo, yaani alijifungua ghorofa moja tu juu ya chumba alichokuwa akifulia. Tulikulia vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, mbali kabisa na bahari, sakafu imejaa sindano zilizovunjika, ukikanyaga bila kutazama unalia. Alikuwa mtoto wa taratibu mno, ukimtuma chumvi unakula chakula bila chumvi, kisha anafika amenyooka anakueleza alichokiona njiani, na kwa bahati mbaya kwa mwenye njaa, kila alichokisema kilikuwa cha kweli.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976 na sekondari mwaka 1983, na ni huko, akiwa kidato cha tatu, ambako mwalimu wa biolojia aliweka mezani kitu cheupe chenye matundu, akasema hii ni mifupa ya mnyama wa baharini aitwaye tumbawe. Mdogo wangu akasimama. "Mwalimu, mnyama gani huyu anafanana na jiwe la kusugulia miguu?" Darasa lilicheka, mwalimu naye akacheka, kisha akamwelekeza kwamba lile ni jengo lililojengwa na maelfu ya wanyama wadogo, kila mmoja na mdomo wake, na kwamba samaki wengi huzaliwa na kujificha humo kabla hawajafika sahanini. Alirudi nyumbani hakuturuhusu kula kwa maneno, mpaka mama akasema, "Huyu sasa atataka kuolewa na jiwe."

Mwaka 1989 alijiunga na chuo kikuu kusomea sayansi ya bahari akiwa hajui kuogelea, akajifunza kwenye sehemu ya kina kifupi ya bwawa la chuo pamoja na mwenzake wa chumba kimoja, naye hajui, wameshikana mikono kama watoto. Mwenzake huyo ndiye Mkurugenzi aliyekaa hapa mbele. Nitamwita jina alilopewa na marehemu, Chewa, kwa sababu yule samaki hukaa shimoni mdomo wazi akingoja kitakachopita, na binti huyu alikuwa hivyohivyo kwenye bweni, chakula cha mtu hakimpiti. Yeye naye ndiye aliyemwita mdogo wangu Kasa, kwa ule mwendo wake. Walipendana, sitasema uongo mbele ya jeneza, likizo zote Chewa alilala kwetu, na mama yangu alimshonea sketi kama alizoshonea wanawe.

Tarehe 1 Septemba 1993 wote wawili waliajiriwa na taasisi ya utafiti wa bahari, wakapewa chumba kimoja cha chini chenye matangi ya maji ya chumvi, pampu zinanguruma kutwa, sakafu haikauki, na mlangoni safu ya viatu vya mpira. Kazi ya Kasa ilikuwa ya kurudia jambo lilelile bila kuchoka: kila mwaka anazama na mtungi wake wa hewa mahali palepale, analaza utepe juu ya mwamba wa matumbawe, anaandika kipi kiko hai, kipi kimekufa na kipi kimeanza upya, ili siku mtu akisema mambo ni mazuri au mabaya, pawe na wa kumuuliza amejuaje.

Mwaka 1998 maji yalipata joto kuliko kawaida, matumbawe yakapauka, akaja kwangu nywele zikiwa bado mbichi, akakaa kwenye kigoda cha jikoni. "Dada, kote kweupe, kama mtu amemwaga chokaa." Alilia siku hiyo, nami sikujua mtu anaweza kulililia jiwe. Kwa hiyo mtu asije kuniambia mdogo wangu hakuijua habari ya joto, alikutana nalo uso kwa uso kabla wengi wenu hapa hamjajua kuvaa miwani ya kuzamia.

Hakuishia kulia. Aliita kikao na wavuvi katika darasa la shule iliyo karibu na gati, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, akawaomba waache kuvua na kutia nanga kwenye nusu ya mwamba ili upumue. Mvuvi mmoja, ambaye leo yupo hapa na ndiye aliyebeba jeneza upande wa kulia, alisimama akamwambia, "Bibi wa samaki, watoto wangu watakula picha zako?" Kasa akamjibu, "Hawatakula. Ndiyo maana nimeomba nusu, sikuomba wote, na mkiona nimewadanganya mje mnivue mimi." Walicheka, wakabishana vikao vingi, wakakubali, na baadaye wakawa wakali kuliko yeye, mgeni akitia nanga pale anafukuzwa na kelele. Mwamba ukarudi, si wote, ila ulirudi, na samaki wakamwagika kutoka nusu iliyofungwa kwenda nusu iliyo wazi, jambo ambalo taasisi iliandika kwenye kalenda zake zote bila kutaja darasa wala madawati.

Kabla ya hayo, Jumamosi tarehe 21 Desemba 1996, alifunga ndoa na fundi wa mitungi ya hewa wa taasisi, shemeji yangu huyu mnayemwona, mtu mkimya ambaye alimchumbia kwa kumkagulia mtungi wake mara mbili wakati wengine anawakagulia mara moja, na Chewa ndiye aliyesimama kama msimamizi wa bi harusi. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 2000, ambaye sasa ni muuguzi, na kijana mwaka 2003, anayesomea umeme. Alikuwa mama wa kuchelewa kila mahali, kwenye vikao vya shule anafika na chumvi kwenye nyusi, lakini watoto wake hawajui kudanganya, nami kama mwalimu najua kwamba hilo halitoki shuleni.

Sasa tufike 2014. Mwaka huo hoteli kubwa ilijengwa mkabala na mwamba, na bomba lake la majitaka likaelekezwa baharini, usawa wa nusu ile waliyoifunga wavuvi. Miaka miwili haikupita, mwani ukaanza kufunika matumbawe kama ukungu kwenye mkate, yaliyo chini yakikosa mwanga na kufa. Kasa akapima karibu na bomba, akapima mbali na bomba, akarudia mwaka uliofuata, kisha akaandika alichokiona. Wakati huo Chewa alikuwa amekwisha kuwa Mkurugenzi, na hoteli ilikuwa mfadhili wa taasisi, ukiingia tu mlangoni unapokewa na nembo yake.

Chewa alikwenda nyumbani kwa Kasa Jumapili moja, nami nilikuwepo, namenya vitunguu, hakuna aliyenisimulia. Alisema, "Kasa, andika joto la bahari. Dunia nzima inaandika joto. Joto halina wakili." Mdogo wangu akafuta mikono. "Joto lipo, na bomba lipo. Nitaandika yote mawili." Chewa akasema, "Utaniponza." Kasa akasema, "Mimi sijakuweka kwenye maandishi, nimeweka bomba." Chewa aliondoka bila kunywa chai, na taarifa ilipotoka ilikuwa na joto peke yake, na jina la mdogo wangu chini yake. Aliandika kwa mkono wake akataka jina lake liondolewe. Mpaka leo halijaondolewa.

Tangu Februari 2018 alinyang'anywa ufunguo wa chumba cha matangi, akazuiwa kuzamia kwa kisingizio cha umri, ilhali wanaume wawili wanaomzidi umri waliendelea kuzama, akahamishiwa chumba kilicho chini ya ngazi kinachowekwa viti vibovu. Alikwenda kila siku. Nilimwambia aache, akaniuliza, "Nikiondoka, nani atakayekuwa amesema?" Kisha hoteli ikazamisha mabonge ya zege karibu na bomba lake, ikayaita bustani ya matumbawe, na mwaka 2020 wakamtaka avae tena mtungi apandikize vipande vya matumbawe mbele ya kamera, kwa kuwa uso wake wavuvi wanauamini. Jibu lake nalisoma kama lilivyo, watoto watanisamehe: "Sipandi mgonjwa kwenye choo." Juni 2021 mkataba wake haukuendelezwa. Kwenye tangazo la ofisi waliandika amestaafu. Hakustaafu. Mdogo wangu alifukuzwa, nami nataka neno hilo lisikike hapa likiwa na herufi zake zote.

Mkataba ulipokwisha, bima ya matibabu nayo ikaisha, na maumivu ya tumbo yaliyomwanza mwishoni mwa 2022 akayatuliza kwa vidonge vya dukani, akisema atakwenda mambo yakikaa sawa. Alipopimwa, Oktoba 2023, saratani ya kongosho ilikuwa imesambaa. Hapa wengi wenu mnasubiri niseme ofisi ilimuua. Sitasema, nilimuuliza daktari, akanieleza kwamba ugonjwa huu huchelewa kujulikana hata kwa wenye bima, na mdogo wangu asingenivumilia kutamka nisichokijua. Ninachokijua ni kwamba mtu aliyetumikia taasisi karibu miaka thelathini alipanga foleni akiwa ameshikilia ukuta, na waliompangisha walikuwa wakipiga picha na zege.

Chewa alikuja wodini mara moja. Kasa alimshika mkono, akamuuliza, "Bomba limefungwa?" Chewa akajibu, "Bado tunalishughulikia." Mdogo wangu aliuachia ule mkono akageukia ukutani, wala haikuwa kwa hasira, alikuwa amechoka tu. Alifariki Alhamisi tarehe 8 Agosti 2024, mchana, mumewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda.

Jambo la mwisho. Yule mtu wa ofisi hakuja jikoni kwa ajili ya kufupisha peke yake, alikuja pia na habari njema, kwamba bustani ile ya zege itaitwa kwa jina la marehemu, kwamba kibao kimekwisha kuchongwa, na kwamba Mkurugenzi atalitangaza nikishamaliza kusoma. Tulijifungia chumbani kwa marehemu, tumekaa kitandani kwake na kwenye sanduku la nguo. Binti yake alitaka tukubali, akasema angalau jina la mama libaki mahali, akalia sana, na hakuna aliyemkaripia, kwa maana ni mtoto na mama yake hayupo. Shemeji alimsogelea akamwambia, "Watu wataogelea pale wakimtaja mama yako, na bomba linamwaga." Binti akaniambia, "Mama mkubwa, waambie hapana." Nawaambia hapana. Mkurugenzi, usisimame kutangaza. Kibao hicho fanyeni mtakavyo, jina la mtu wetu hamna ruhusa nalo, na ile taarifa ya joto, kesho ofisi ikifunguliwa, mimi na shemeji tutakuwa mlangoni kulitaka jina litoke na humo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsitiri mpaka mwisho, majirani mliopika na kutandika mikeka, wavuvi mliobeba jeneza, nahodha wa boti na vijana watatu wa taasisi mliokuja kumtazama wodini mkijua mnaonekana. Nawe Chewa, mama yangu alikuhesabu mwanawe, kwa hiyo sitakufukuza msibani, utakula hapa kama wengine, na ukishakula, rudi ukafunge lile bomba.

Mdogo wangu, wanasema pumzika kwa amani, wewe pumzika. Hiyo amani tuachie, tutaigombania sisi.