Salamu kwa Gari Lenye Jicho Juu ya Paa

Kijiwe chetu cha Murubona, hapa Kasulu, hakijawahi kukosa ubishi, ila leo ubishi umekuja umechapwa kwenye karatasi. Kauleta Josué, mpiga picha kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Siku hizi kamera kaiweka kando: anafungua ramani ya mtandaoni, ile yenye picha za barabara zilizopigwa na gari lenye kamera juu ya paa, anatembea humo kwa kidole mpaka aone jambo zuri, analikata, analichapa. Jumamosi anazitundika picha zake ukumbini Kibondo. Moja ni sisi wenyewe: wanaume watatu tumeinama mbele ya kahawa ya Vestina, muuzaji wetu, viganja vimekutana, nyuso zimefutwa na mashine. Aliyeinama kuliko wote ni Dionis fundi baiskeli. Tunamwita Breki, kwa kuwa mdomo wake hauna. Kakasirika kweli, na mimi namwonea huruma, ingawa nacheka.

— Haitundikwi! Kibondo kuna wakwe zangu. Watasema Dionis kawa ombaomba.

— Uso haupo, Breki, — nikamwambia. — Nani atakujua?

— Mgongo wanaujua! Ndio uliolima maharage yao msimu mzima!

William, wa tatu wetu pichani, tunayemwita Redio, akadakia:

— Nyuso zimefutwa makusudi. Lile gari lilikuwa linapima heshima. Wenye heshima wanafichwa, wasiibwe na nchi jirani.

— Burundi wamuibe Breki wamfanyie nini? — nikauliza.

— Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Inaingiaje hapo?

— Itaingia tu, subiri.

Vestina akaweka birika chini.

— Acheni uongo, nilikuwepo. Gari limekuja polepole, jicho juu ya paa, mkadhani mgeni mkubwa. Mkainama na makofi ya salamu, "Mwidiwe, mwidiwe", kahawa inapoa!

— Sasa Muha aache kusalimia? — Breki akafoka. — Anayepita polepole anataka salamu!

Josué akasema taratibu:

— Papa Dionis, mi sikuona kuomba mule. Nilitembea mu ramani yote, Kakonko mpaka Buhigwe. Watu banashangaa ile gari, bengine banakimbia. Ni nyinyi tu munaisalimia. Lakini ukikatala, minaiacha.

Breki akajikuna mgongo. Redio akadakia tena:

— Halafu lile gari halina dereva. Linaendeshwa toka mwezini. Mwenda pole hajikwai!

Hapo akafika mwalimu Recho, aliyehamishiwa hapa juzi kutoka Tanga. Akaagiza kahawa, akaelezwa kisa chote, akaitazama picha.

— Samahani wazee wangu. Na huyo wa kwenye gari, aliitikia?

Redio alifungua mdomo, akaishia kunywa kahawa.

Breki akaichukua picha, akaifuta vumbi kwa pindo la shati, akamrudishia Josué.

— Itundike. Tena pale mlangoni, kila mtu aione. Huenda huyo wa kwenye gari akapita Kibondo, akakumbuka kuitikia.