Chokaa ya Bi Mbeyu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa bodi ya shule, Mwalimu Mkuu Bi Husna, wazazi wetu mliotoka Ramisi na Kombani, walimu wenzangu, wanafunzi: assalaam aleikum. Mimi, Samuel Mangi, mwalimu wa historia, nimeombwa nimuage Bi Mbeyu, fundi wetu wa rangi, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja.

Kuta alizozipaka mnaziona. Mimi nitasema juu ya kifaru hiki kidogo cha kivita, cha mfano, kinachoenea kiganjani.

Mwaka juzi nilipatwa na kiharusi, mkono wangu wa kulia ukabaki unatetemeka. Nilikuwa nikitengeneza vifaru vya kufundishia Vita vya Pili vya Dunia. Hiki kilitakiwa kiwe cheupe, kwani wanajeshi wa nchi za baridi walivipaka vifaru vyao chokaa ili visionekane kwenye theluji. Brashi ikaniponyoka, nikakitupa kwenye pipa la taka, nikaapa kwamba basi.

Bi Mbeyu alikiokota. Akakigeuza-geuza, akasema, "Kosa lako, mwalimu, si kutetemeka. Umeipaka chokaa ionekane kama ya jana. Chokaa haikai hivyo."

Alikirudisha baada ya wiki, nami nikakipeleka dirishani nikione vizuri. Weupe ulikuwa umefifia, kutu imechirizika, na karibu na mlango wa juu rangi imebanduka hadi kijani cha chini kikachungulia. Mtu ambaye barafu anayoijua ni ya kuhifadhia samaki, alijuaje? Alinijibu kwamba theluji haijui, ila watu anawajua: ameona miaka yote mahali wanapoegemea ukuta, na wanaposhika wakipanda ngazi.

Darasani hakuna aliyeuliza habari za mizinga. Msichana mmoja aliuliza, "Huyu aliyekuwa akipanda hapa, alirudi kwao?" Ni nani kati yetu walimu aliyewahi kuulizwa hivyo kwa sababu ya kitabu?

Kisha Bi Mbeyu akanipa brashi. "Shika," aliniambia. "Rangi iliyochakaa haitaki mstari ulionyooka. Mkono huo ndio unaoifaa." Vile viwili vilivyo mezani nimevipaka mimi.

Jana nilimwomba aandike jina lake chini ya hiki. Alikataa; fundi, alisema, hatii jina kwenye ukuta wa watu. Nikamwambia huu si ukuta. Akafuta mikono kwa leso, akaandika herufi moja moja. Miaka thelathini na mmoja, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza yenye jina.

Bi Mbeyu, Mungu akulipe. Nanyi nyote mlionitegea masikio, asanteni sana.