Fundi Mwongeli, Aliyekataa Mafuta

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Ni mimi Jonah Nzuki. Leo mtanivumilia, kwa sababu nimeingia studio nikiwa na hasira. Tunamkumbuka mtu niliyempenda, na kila nikianza kumkumbuka nakasirika upya. Nakasirika naye, nakasirika na sisi sote, na zaidi ya wote nakasirika na huyu anayeongea.

Tunamkumbuka Mwongeli Mutisya, Fundi Mwongeli. Alifariki wiki mbili zilizopita, nyumbani kwao Nunguni, akiwa na miaka hamsini na tisa. Aliugua mapafu. Hakufa kwa kuanguka. Narudia, kwa sababu nimepigiwa simu nyingi sana: hakufa kwa kuanguka. Fundi Mwongeli hakuwahi kuruka kutoka kwa ndege hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kukunja na kukagua parachuti za wale wanaoruka. Alifanya hivyo miaka kumi na saba, na kila aliyevaa mkoba aliouidhinisha alifika chini akitembea.

Alianzaje? Alikuwa fundi wa cherehani pale Salama, kando ya barabara kuu. Alishona sare za shule na makoti ya kwaya. Siku moja gari liliharibika hapo, na dereva akashuka na mkoba mkubwa wa mgongoni ambao mkanda wake umeanza kuachana. Akamwomba amshonee haraka. Mwongeli akaushika ule mkanda, akauvuta, akauliza, "Hii inabeba nini?" Yule bwana akamwambia, "Inanibeba mimi, nikiruka kutoka kwa ndege." Mwongeli akamrudishia mkoba. "Basi siishoni mpaka mtu anifundishe."

Yule bwana alikuwa mkufunzi wa klabu moja ya kuruka kwa parachuti huko pwani. Alisimulia hicho kisa kila mahali. Miezi mitatu baadaye klabu ikamwita, ikamfundisha, ikampa mtihani. Mtu aliyekataa kazi kwa sababu haijui ndiye mtu waliyekuwa wakimtafuta.

Sasa nisiwadanganye. Kuishi na Fundi Mwongeli kulikuwa kazi. Alikuwa na kichwa ngumu. Alisimamisha harusi ya binamu yake kwa sababu kamba za hema hazikufungwa vizuri, na bibi harusi akasimama kwenye jua mpaka kamba zikafungwa upya. Ukimwalika nyumbani, anatikisa kiti kabla ya kukaa. Wanawake wa kikundi chake cha maombi walikuwa wakicheka, wakisema Mwongeli atafika mbinguni atikise lango kwanza.

Nilimleta hapa studio mara moja, tukaongea juu ya kuruka salama. Kabla hajavaa vile vidude vya masikio, aliinama chini ya meza. Akaniuliza, "Jonah, huu waya mliangalia lini?" Nikamwambia unafanya kazi. Akasema, "Sijauliza kama unafanya kazi." Waya wenyewe ulikuwa umezungushiwa plasta, ile ya kidonda. Nikacheka, nikamwambia tuendelee, tuko hewani.

Lakini yale aliyosema siku hiyo nayakumbuka. Alisema mkoba wa parachuti unakaguliwa mara tatu. Unakaguliwa kabla ya kuuvaa, unakaguliwa kabla ya kupanda ndege, unakaguliwa tena huko juu kabla mlango haujafunguliwa. Unakaguliwa na mwenyewe, halafu na mtu mwingine. Mikanda ya mapaja, mkanda wa kifua, pini za nyuma, mishiko ya kuvuta. Na haukaguliwi kwa macho. "Gusa," alisema. "Mtu akiwa na haraka, macho yake yanamwambia kila kitu kiko sawa. Gusa kwa mkono na useme kwa mdomo." Na akasema jambo moja zaidi. Ukiuacha mkoba, hata dakika mbili, hata kwa ndugu yako, ukirudi unaanza upya.

Sasa twende Tseikuru, Agosti mwaka wa 2019. Hapa ndipo hasira yangu inapokaa.

Dada yake Mwongeli, mama Syombua, aliolewa Tseikuru. Ana mtoto mmoja wa kiume, Kimeu. Mwongeli hakuzaa, na Kimeu alikuwa wake pia. Mwongeli ndiye aliyempeleka klabu, na kijana akaiva, akawa mrukaji. Basi kanisa la kwao lilipojenga jengo jipya, wakasema siku ya kufungua, Kimeu ashuke kutoka angani mbele ya watu wake. Ndege ndogo ikaja. Watu walitoka mbali, wengine waliacha mifugo tangu alfajiri. Mshereheshaji wa siku hiyo, aliyeshika maikrofoni, alikuwa mimi.

Asubuhi Mwongeli alikagua mkoba, akamkabidhi Kimeu, akaenda kuangalia upepo na uwanja wa kushukia. Akamwambia, "Usiuache." Kimeu akaitikia. Halafu mchungaji akaomba mkoba uletwe mbele ubarikiwe. Nani angekataa? Mimi mwenyewe ndiye niliyetangaza. Kimeu akauweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe, akaenda kusalimia wazee. Wazee wa kanisa wakaweka mikono. Mchungaji akamimina mafuta ya upako. Tuliomba nusu saa, wasikilizaji wapendwa. Nusu saa nzima, na nafasi ya kukagua mara ya pili tukaila yote kwa maombi na salamu za wageni.

Kimeu akauvaa mkoba. Alikuwa amebakisha hatua chache afike kwa ndege, Mwongeli akatokea akikimbia. "Vua."

"Anti, si uliangalia asubuhi?"

"Asubuhi ilikuwa asubuhi. Vua."

Akavua. Mwongeli akapiga magoti, mgongo wake umetuelekea sisi wote. Alikaa pale kama dakika mbili. Mimi nilimwona akisimama, anajipangusa mikono kwenye aproni. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Hakuna kuruka leo. Mkoba umemwagiwa mafuta. Nailoni na mafuta hazikai pamoja. Lazima nifungue yote, nioshe, nikague." Rubani naye akasema bila sahihi ya fundi, ndege yake haibebi mrukaji.

Umati ukanung'unika. Nami, kwa sababu nina mdomo na nilikuwa na maikrofoni, nikasema, "Jamani, leo nimeona mtu anayeogopa mafuta ya Bwana kuliko kuanguka kutoka angani." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu alirekodi. Ile video ikatembea kwa simu kutoka Tseikuru mpaka Nunguni, na kuanzia siku hiyo Mwongeli akawa yule mama aliyekataa mafuta.

Mnajua tulivyo. Kikundi chake cha maombi kikaanza kukutana bila kumwambia. Kanisani alikuwa akikaribisha watu mlangoni, akaambiwa apumzike kidogo. Hiyo kidogo ilikuwa miaka sita. Kimeu mwenyewe alikasirika, akakaa karibu mwaka mzima hamsemeshi, ila kazini tu. Alikuwa ameaibishwa mbele ya kijiji chake. Mwongeli hakujitetea. Niliwahi kukutana naye pale Salama, nikamwambia kwa utani, "Fundi, bado unaogopa mafuta?" Akaniuliza kama tumebadilisha ule waya.

Miaka sita, wasikilizaji wapendwa. Miaka sita nilidhani najua kilichotokea Tseikuru.

Jumamosi iliyopita tulimzika, Nunguni. Kulikuwa na baridi na manyunyu. Wakati wa familia kusema maneno, mama Syombua akasimama. Alikuwa ameshika kitambaa kidogo cha mkono, cheupe, kimepigwa pasi. Nanukuu maneno yake, na ameniruhusu niyaseme hapa.

"Hiki ni changu. Kiliombewa kwa mkutano. Siku ile Tseikuru, watu wakiwa wamefumba macho, mimi nilienda kwa ile meza. Niliogopa juu ya mtoto wangu. Nikaona kile chuma cha mbele kwa mkoba, nikadhani ni cha kushikia, nikafunga kitambaa hapo. Nikakaza sana, ndiyo Mungu asimwachilie. Sikujua hicho chuma ndicho kinafungua ile parachuti ya akiba."

Acheni nieleze taratibu, ieleweke. Kila mkoba una parachuti mbili, ile kuu na ile ya akiba. Ya akiba inafunguliwa kwa kuvuta mshiko wa chuma kifuani. Kitambaa kilifungwa kwenye huo mshiko. Kimeu aliuvaa mkoba bila kugusa kitu, na kitambaa kikajificha kwenye mikunjo ya koti lake. Mama Syombua alipokaza, pini ya nyuma ilivutika ikabaki imeshikilia kwa ncha. Mlango wa ndege ukifunguliwa, upepo ungeshika kile kitambaa, parachuti ingefunguka palepale mlangoni, ingenasa mkia wa ndege. Kimeu angekufa. Rubani angekufa. Na sisi chini tungekuwa tunapiga makofi.

Mama Syombua akaendelea. "Mimi nilikuwa upande wa ndege, nilimwona akikifungua. Akakiweka kwa mfuko wa aproni, akasema mafuta tu. Jioni alikuja jikoni kwangu akanieleza. Nikalia, nikamwambia nitasema ukweli. Akaniambia, 'Nyamaza. Ukimwambia Kimeu, atakuwa akija kukusalimia anakumbuka mkono wako kwa kile chuma. Wacha wanicheke mimi.' Asubuhi akanirudishia kitambaa. Alikuwa amekifua na kukipiga pasi."

Mama Syombua, nakuheshimu, wewe ni mama yangu. Lakini miaka sita! Ulimwacha dada yako akae nyuma kanisani miaka sita. Na wewe Fundi, popote ulipo, ungesema. Ungenivuta tu kando uniambie, "Jonah, funga mdomo." Ulikuwa mwepesi kusimamisha harusi kwa sababu ya kamba, ukashindwa kumsimamisha mtangazaji mmoja. Na mimi je? Nilisimama hatua kumi kutoka kwa ile meza. Ningeweza kuuliza swali moja kabla ya kufanya mzaha. Sikuuliza. Nimeomba msamaha kaburini, na naomba tena leo hewani, kwa maikrofoni, kwa sababu nilimkosea kwa maikrofoni. Nisamehe, Fundi.

Kimeu alikuwa amesimama pale na koleo. Alimwendea, akachukua kile kitambaa, akakitia mfukoni mwake, akamshika mkono.

Halafu ukafika wakati wa kuteremsha jeneza. Mnajua ile mikanda minne inayopitishwa chini. Wale vijana wa huduma ya mazishi wameshaishika, mchungaji ameshafungua kitabu, manyunyu yanazidi. Kimeu akasema, "Ngojeni."

Akapiga magoti kwenye matope. Akashika mkanda wa kwanza, akaupitisha mkononi kutoka mwanzo mpaka mwisho, akasema kwa sauti, "Mmoja, sawa." Akashika wa pili. "Wa pili, sawa." Akashika wa tatu, mkono ukasimama katikati. Akaugeuza. Upande wa chini, pale palipokuwa pamegusa udongo mara nyingi, mshono ulikuwa umeisha. Zilibaki nyuzi chache.

Mkubwa wa wale vijana akakasirika. "Bosi, tumezika wengi na huu."

"Huu haubebi," Kimeu akasema.

Ikabidi mtu atumwe sokoni Nunguni akatafute mkanda mwingine. Tulingoja dakika arobaini, kwenye mvua, na jeneza limekaa juu ya mbao. Ulipoletwa, Kimeu aliugusa wote, halafu akamwita mama yake auguse baada yake, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, mtu na mtu mwingine. Hakuna aliyeondoka. Wale wanawake wa kikundi cha maombi walisimama mstari wa mbele, wameloa. Hata siku ya kuzikwa Fundi alituchelewesha, na kwa mara ya kwanza tulimngoja bila kulalamika.

Wasikilizaji wapendwa, sisi wa studio hii tunatoa pole. Pole mama Syombua. Pole Kimeu, na endelea na kazi aliyokufundisha. Pole kwa ukoo wote wa Mutisya pale Nunguni, kwa klabu aliyoitumikia, na kwa jamaa wa Tseikuru ambao hawakujua wameepushwa kuona nini. Mungu amlaze Fundi Mwongeli pema.

Nimeombwa niwaachie jambo la kutafakari. Ni fupi. Maombi ni mazuri, naomba kila siku, na Mwongeli aliomba kuliko mimi. Lakini ukimaliza kusema amina, rudi uguse mkanda. Kama kuna kitu nyumbani kwako kinachobeba mtu, ngazi, kamba ya kisima, breki za pikipiki, kiguse leo. Na kama kuna mtu mnayemcheka kwa sababu anawachelewesha, muulizeni ameona nini.

Wakati nikisema hayo, nimeinama chini ya meza. Ule waya bado uko hapa. Plasta ni ileile. Nimeugusa kwa mkono, na una moto.

Kwa hivyo, wasikilizaji wapendwa, tutakaa kimya kwa dakika kumi kwa heshima ya Mwongeli Mutisya. Kimya kabisa, hata wimbo hamtausikia. Fundi wa umeme niliyemwita yuko mlangoni, nami nazima.