Ukuta wa Wodi ya Wanawake

CHOKAA: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Namba usiyoijua unaipokea mlio wa kwanza. Yangu unaiacha ilie mpaka ichoke.

CHOKAA: Dada? Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Simu ni ya mgonjwa wangu wa kitanda cha saba, na amenisimamia hapa kama askari, analinda salio lake. Kwa hiyo usinianzishie hadithi.

CHOKAA: Niko juu ya ngazi, napiga plasta, mtandao una— [mkwaruzo] —katika.

DADA: Shuka.

CHOKAA: Haya, nimeshuka.

DADA: Wageni wa tuzo wamefika. Wako ofisini kwa mganga mkuu, wanakunywa maji ya chupa na kusifiana. Baada ya saa moja wanaingia wodini kwangu. Na ule ukuta mliouziba wewe na wenzako umetoa doa.

CHOKAA: Doa la namna gani?

DADA: Rangi ya chai iliyokolea. Linaanzia juu, pale palipokuwa na matundu ya hewa, linateremka polepole hadi usawa wa vitanda. Ukiligusa linateleza. Chukua brashi na ile rangi ya kijani iliyobaki, uje ulifiche. Msimamizi wenu hapatikani, na mganga mkuu amenikaba mimi.

CHOKAA: Tuzo ya nini hiyo?

DADA: Mjini unaishi wapi wewe, chini ya kitanda? Sisi ndio hospitali ya kijani. Tunatunza mazingira. Matumizi ya umeme yameshuka nusu nzima, mita imelala kama mlevi.

CHOKAA: Si jambo jema?

DADA: Yameshuka kwa sababu waling'oa feni zote. Si walisema matundu yakizibwa ubaridi hautatoroka, na mashine mpya zisizokula umeme zinakuja? Mwezi wa nne huu ziko njiani, sijui zinakuja kwa miguu. Sasa ubaridi gani unazuiwa kutoka, na haujaingia? Wanawake kumi na sita nimewafunika kwenye chungu, nawapepea kwa vipande vya boksi, halafu tunapigiwa makofi kwa kutotumia umeme. Hata kaburi halitumii umeme.

CHOKAA: [anacheka kidogo] Dada, wewe—

DADA: Sikuchekeshi. Waliojenga hapa zamani hawakupewa tuzo na mtu, lakini walijua hewa ya moto hupanda. Wakaacha tundu chini liingize, na tundu juu litoe. Upepo wa bure, hauna mita. Mkaja nyinyi na karai lenu.

CHOKAA: Fundi akiambiwa ziba, anaziba.

DADA: Na leo anaambiwa paka. Njoo upake.

CHOKAA: Mama mdogo anaendeleaje?

DADA: Eh. Leo umeota nini? Wiki ya tatu hii amelala hapa na kifua chake, hujatia mguu. Kila mchana ananiuliza, "Mwanangu hajapita?" Namjibu ana kazi nyingi. Mwanamke aliyetulea sote wawili kama aliyetuzaa, namdanganya kwa ajili yako.

CHOKAA: Yuko upande wa dirisha au wa ukuta?

DADA: Ukuta upi?

CHOKAA: Huo wenye doa.

DADA: Kitanda cha tisa. Chini yake kabisa. Ndipo palipokuwa na nafasi.

CHOKAA: Mhamishe.

DADA: Nimpeleke wapi, kumejaa mpaka—

CHOKAA: Koridoni. Popote. Mhamishe sasa hivi, mimi nitakuja na brashi—

DADA: Subiri.

CHOKAA: —nusu saa tu, doa halitaonekana—

DADA: Nimesema subiri. [mlango unafungwa] Niko stoo ya mashuka. Mama, sikimbii na simu yako, kaa hapo hapo mlangoni. Haya, Chokaa. Kwa nini nimhamishe wa kwetu peke yake?

CHOKAA: Sijasema peke yake.

DADA: Umemtaja mmoja. Mimi nina kumi na sita.

CHOKAA: Dada, mtandao, siku—

DADA: Unanisikia vizuri. Nimekuogesha mimi, najua unavyomeza mate ukiwa na jambo. Ndani ya yale matundu mliweka nini?

CHOKAA: Tofali.

DADA: Tofali halitoi chai.

CHOKAA: Tofali mbele, jembamba. Nyuma yake ilitakiwa sponji maalumu ya kuzuia joto, iko kwenye ramani. Haikuja. Msimamizi akasema sponji ni sponji.

DADA: Sponji ipi?

CHOKAA: Mvua ya juzi ndiyo iliyoharibu. Maji yamepenya kwenye paa yakashukia—

DADA: Mdogo wangu. Sponji ipi?

CHOKAA: Magodoro. Yale yaliyokuwa yamerundikwa nyuma ya chumba cha kufulia.

DADA: Niliyoandika mimi yachomwe.

CHOKAA: Sikujua ni wewe uliyeandika.

DADA: Kwa mkono wangu huu. Yamelaliwa na watu wenye vidonda visivyofunga. Yamekunywa damu, yamekunywa mkojo, yamekunywa kila kinachomtoka binadamu asiyejiweza. Niliyahesabu nimevaa glavu mbilimbili, nikarudi nyumbani nikaoga mpaka maji yakaisha kwenye pipa. Nikaletewa karatasi, imechapwa vizuri, kwamba yameteketezwa.

CHOKAA: Tuliyakata vipande vidogo. Tulijifunga vitambaa puani.

DADA: Mlijifunga vitambaa puani.

CHOKAA: Yalinuka, dada. Mwenzangu mmoja alitapika kwenye karai.

DADA: Kwa hiyo pua zenu mlizionea huruma. [anahema] Unajua uvundo huu umetufanya nini humu? Tulidhani ni mtu. Kila mmoja akawa anamkodolea jirani yake. Bibi wa kitanda cha nne amegoma kula siku mbili, asije akajichafua, maana wamemnong'ona mpaka akasikia. Bibi wa watu, msafi kuliko mimi. Na mfagiaji wetu, yule mama mwenye mdomo, anayejua ndoa zote za mji huu zinakovujia, amesugua sakafu kwa dawa mpaka viganja vikamchubuka. Wamemfukuza. Barua inasema uchafu.

CHOKAA: Hilo sikulijua.

DADA: Na kunguni. Wanadondoka kutoka ukutani kama mvua ya mchele, na mimi na akili zangu nikawakoromea ndugu za wagonjwa, nikisema wanawaleta na mashuka ya nyumbani. Watu wakaniomba radhi, Chokaa. Mtu mzima akaniomba radhi kwa kunguni wako.

CHOKAA: Nilitaka kuja kusema.

DADA: Lini?

CHOKAA: Jumanne. Nilifika mpaka getini. Nilimnunulia mama mdogo machungwa.

DADA: Yako wapi?

CHOKAA: Nikampa mlinzi.

DADA: Na leo umekubali kuja kupaka rangi juu ya uvundo huo.

CHOKAA: Wewe ndiye uliyeniita nipake.

DADA: Ni kweli.

CHOKAA: Sisemi hivyo kwa—

DADA: Ni kweli, umenifunga mdomo. Nilikuita ufiche doa bila kuuliza linatoka wapi. Na wana fomu yao: wagonjwa wanapata hewa safi na utulivu. Chini wamenichorea kimstari, sista wa wodi atie sahihi. Ningetia. Kalamu ninayo mfukoni.

CHOKAA: Sasa utafanya nini?

DADA: Wewe ndiye ninayekuuliza.

CHOKAA: Nije jioni, wageni wakishaondoka. Nizibue kimyakimya, nitoe uchafu wote, hakuna atakayejua. Msimamizi amenipa jengo la watoto, dada. Naanza Jumatatu, na safari hii mimi ndiye mkubwa wa mafundi. Miaka yote hii nimekuwa mtu wa kubebeshwa karai. Nikifungua mdomo leo, sishiki mwiko tena katika mji huu.

DADA: Jengo la watoto mtaziba matundu yake?

CHOKAA: Ramani ni ileile.

DADA: Na sponji imekuja?

CHOKAA: Bado.

DADA: Nimepita nyuma ya chumba cha kufulia asubuhi. Rundo jipya limeshaanza kupungua. Nilidhani safari hii wamechoma kweli. Ngoja. Sisemi neno, sikiliza tu. [mlango, hatua, kitu kinakwaruza, kinakatika, kinaanza tena kwa shida]

CHOKAA: Huo ni mtandao?

DADA: Siyo mtandao. Mama mdogo, ni mwanao huyu, anakusalimia. Usijisumbue kuongea. ... Anauliza umekula?

CHOKAA: Mwambie... mwambie nimekula.

DADA: Mwambie mwenyewe siku— [viatu vingi, sauti za watu] Wanakuja. Ilikuwa wamalize maji kwanza, sijui kiu imewaishia wapi.

CHOKAA: Kata simu, dada. Nitakuja jioni, naapa.

DADA: Kitanda cha saba, mama yangu, nivumilie dakika moja. Salio limebaki kiasi gani? ... Anasema nimelimaliza, na vocha nitanunua mimi. [kwa mbali] Karibuni. Karibuni ndani. Hapana, mganga mkuu, sakafu imepigwa deki mara tatu. Hapana, mheshimiwa, siyo wagonjwa wanaonuka. Ni ukuta.

CHOKAA: Dada, usi—

DADA: [kwa mbali] Fomu nimeiona, asante, iweke hapo. Kabla ya sahihi kuna fundi aliyefanya kazi hii, yuko kwenye simu. Yeye anajua kilichomo kuliko mimi. Mama, spika inabonyezwa wapi? Hapa? ... Haya. Sema, fundi. Wanakusikiliza.

CHOKAA: [anasikia mtu anakohoa, pumzi inakwaruza]

DADA: Fundi.

CHOKAA: Haloo. Shikamooni. Mimi... mimi ndiye niliyeziba matundu hayo. Kwanza naomba msogeze kitanda cha tisa. Hapana. Sogezeni vitanda vyote vya upande huo. Vyote, hata cha mwisho kule pembeni. Na mfungue milango. Msiuguse ukuta kwa mikono mitupu. Kilichomo humo ndani si kile kilichoandikwa kwenye ramani, ni—

[mlio; simu inakatika]

[simu inaita]

DADA: Wodi ya wanawake.

CHOKAA: Ni yule fundi, sista. Nimepiga kwa salio langu. Wageni bado wapo?

DADA: Wapo. Wanasukuma vitanda.

CHOKAA: Niweke tena kwenye spika. Nilikuwa nimefika kwenye magodoro.