Bi Kijivu na Kadi ya Watoto Wachanga

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Wiki hii ametutoka mama aliyeendesha mtambo wa kuchapa miaka thelathini na mmoja. Miaka thelathini na mmoja! Wenzake walimwita Bi Kijivu, maana katika kila karatasi alitazama kwanza ule mstari wa kijivu wa pembeni. "Kijivu kikielemea rangi nyingine," alisema, "wino umekosea."

Miguu yangu imenipitisha viwanda vingi, lakini kisa hiki nilisimuliwa na msimamizi wake mwenyewe.

Asubuhi moja walichapa kadi ya rangi za kinyesi cha watoto wachanga. Msicheke. Mwenyewe alitania: "Nimechapa nyuso za wakubwa, leo nimefikia nepi zao!" Lakini kadi ile ni uhai. Choo cha mtoto kikipauka kama chaki, huenda ini lina hitilafu. Mama akimbilie hospitali. Kadi ikikosea, mama atabaki nyumbani.

Na kadi ilikosea. Ikilinganishwa na prufu, ile nakala ya mfano aliyoisaini daktari, rangi ya ugonjwa ilikuwa na umanjano. Ilionekana ya afya. Nje, gari la hospitali linanguruma, likizisubiri kadi.

"Punguza wino wa manjano, dada, tumalize!" msimamizi akafoka.

Akapunguza. Kijivu, kilichokuwa sawa, kikageuka zambarau.

"Wino hauna kosa, kaka."

"Sasa kosa la nani, la mtoto?"

Bi Kijivu akachukua karatasi tupu, isiyochapwa. Akaiweka kando ya ukingo mweupe wa prufu. Loo! Karatasi yenyewe ilikuwa ya manjano. Si wino, wapendwa. Karatasi.

"Nani kapakia rimu hizi?" msimamizi akauliza.

Macho yote kwa mtunza stoo. Alishaonywa mara mbili; ya tatu, kazi hana.

"Nimepakia mimi," Bi Kijivu akasema. "Sikusoma lebo."

Na ilikuwa kweli. Kadi elfu tatu zikachanwa, wakaanza upya. Akapewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake.

Binti yake ananiambia: "Mama aliibandika jikoni. Tulipomuuliza, 'Huoni aibu?' alijibu, 'Aibu ingekuwa kunyamaza.'"

Kwa binti, wajukuu na wenzake wa mtamboni, poleni sana. Mola ampumzishe. Nasi wengine, kesho tukiona kazi imepinda, tuwe na moyo wa kuisimamisha, hata kama tulioipinda ni sisi.