Maji ya Mama Naomie Hayamwagwi

Amahoro, ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Rumonge kumsindikiza Émérance Mwavita, ambaye wengi mlimwita Mama Naomie. Mimi ni Samy, mdogo wake, na familia imeniachia kazi ya kuwasomea maisha yake.

Dada yetu alizaliwa Baraka, Kivu ya Kusini, tarehe 9 Agosti 1972, akasoma shule ya msingi hukohuko, akaanza sekondari bila kuimaliza, na vita vya mwaka 1996 vikatuvusha ziwa na kutuleta huku. Tarehe 14 Februari 1998 alifunga ndoa na Mulamba, fundi wa injini za mitumbwi, wakajaliwa watoto wawili, Naomie na Aksanti.

Mwaka 2003 aliajiriwa na kampuni iliyokuwa ikisafirisha ng'ambo samaki hai wa ziwa letu, kazi yake ikiwa kuwafunga kwenye mifuko yenye oksijeni, na huko ndiko mnunuzi mmoja, mwaka 2011, alikompa zawadi ya tetra, samaki wadogo kuliko ndagala, ambao asili yao ni mito ya maji meusi ya Amerika Kusini. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi nyingi mno kwa samaki hao, kwa hiyo alikinga mvua kwenye mapipa, akalowekamo majani makavu ya mti wa mkungu hadi maji yakawa rangi ya chai, akayajaza kwenye tangi la kioo sebuleni. Watu walicheka. Jirani yetu Zena, ambaye yuko hapa, kila akiingia aliuliza, "Mama Naomie, hii iko chai ya samaki ao samaki ya chai?" na dada akamjibu, "Kunywa basi, sukari iko mezani."

Sasa nifike mahali ambapo baadhi yenu mngependa niparuke. Katika ukoo wa Mulamba, mtu akifa, maji yote yaliyokuwamo nyumbani humwagwa kabla ya maziko, na Mulamba alipofariki, tarehe 3 Juni 2016, wanawake wa ukoo walimwaga madumu, wakamwaga na tangi, kisha, kwa nia njema, wakalijaza maji safi ya ziwani na kuwarudisha samaki. Tuliporudi kutoka makaburini samaki wote walikuwa wamekufa. Dada hakugombana na mtu, lakini alipoambiwa kwamba tangi lile lina mkosi na liondoke, alilisugua, akakinga mvua upya, na mwaka uliofuata mwenzake wa kazi, Hakimu, akamletea tetra wengine kutoka Nairobi. Wazee walimwita mkaidi, naye hakukanusha.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, akatibiwa hapa, kisha Bujumbura, ambako alifariki Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, akiwa na miaka 52. Siku chache kabla aliniita karibu na kitanda akaniambia, "Samy, mimi munizike namna munataka, lakini ile maji musiguse."

Tangu jana naulizwa tangi litamwagwa lini. Madumu yamemwagwa, kwa heshima ya ukoo. Tangi halijamwagwa na halitamwagwa. Mnaouliza kwa nini Naomie hayupo hapa, amebaki nyumbani kulilinda, kwa uamuzi wake mwenyewe, hatamwona mama yake akishushwa kaburini, na mwenye neno juu ya hilo aje kwangu, asimfuate mtoto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, kanisa, Hakimu na wafanyakazi wenzake wote, majirani, na kwa namna ya pekee Zena, ambaye muda wote wa ugonjwa alimkaushia majani ya mkungu juu ya bati lake, huku akiendelea kumcheka.

Lala kwa amani, dada yangu. Sisi tukishakufukia tunakwenda kumpokea Naomie zamu.